Je, Bumpy Johnson alimsaliti Stephanie St. Clair?

La, hakumsaliti. Johnson, mlinzi wa malkia huyo wa kamari ya namba (bahati nasibu haramu) wa Harlem, mtaa wa New York, alibaki upande wake jambazi Dutch Schultz alipotaka kuipora biashara hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1930, ingawa walikuwa wamezidiwa mno kwa fedha na silaha. Mapatano ya Johnson na Lucky Luciano, kiongozi wa Mafia, ambayo ndiyo watu huyaita usaliti, yalikuja baada ya Schultz kupigwa risasi Oktoba 1935, wakati bibi mwenyewe alikuwa akijitoa. Hata hivyo St. Clair hakukosa kumpelekea Schultz hospitalini simu ya maandishi, kwamba apandacho mtu ndicho atakachovuna. Tahadhari tu: mengi kuhusu wawili hao ni masimulizi ya mtaani, basi mazungumzo yao yanayonukuliwa neno kwa neno yasichukuliwe kuwa ushahidi.