Usimpe hiyo amoksilini, mhesabie pumzi kwanza

Dada, weka hiyo chupa chini. Umeandika kwamba mtoto wako wa miaka 7 huko Makete ana mafua na kikohozi tangu juzi, shule zinafunguliwa wiki ijayo na baridi ndiyo hii, kwa hiyo unataka kumalizia amoksilini aliyobakiza mdogo wake mwezi uliopita. Kosa hilo nililifanya mimi, na halifai lirudiwe na mwingine.

Mafua yanaletwa na virusi, na amoksilini ni antibayotiki, dawa ya kuua bakteria, haiui virusi. Ila muuza dawa anakwambia "mpe tu, yasije yakamshukia kifuani", hajamwona mtoto, hajauliza hata kilo zake. Mtu wa namna hiyo ananikera mpaka leo, maana hakuna antibayotiki inayozuia mafua kushuka kifuani. Tena ile ya unga ikishachanganywa na maji hudumu siku 7 hadi 14 tu, kufuatana na maelezo ya kwenye chupa. Ya mwezi uliopita imeshaharibika.

Hasara yenyewe iko hapa. Homa ya mafua mara nyingi hushuka yenyewe baada ya siku mbili tatu. Ukiwa umeshampa vijiko vichache, unaona dawa imefanya kazi, unalegea. Kama ni nimonia, hivyo vijiko haviitibu, na siku ambazo angekuwa anatibiwa zimekwenda.

Nimonia humfanya mtoto apumue haraka, kwa hiyo hesabu pumzi, asubuhi na usiku. Mtoto awe ametulia, hajatoka kukimbia wala kulia. Akiwa amelala ni vizuri zaidi. Mfunue nguo, tazama kifua au tumbo, kila likipanda ni moja. Tumia saa ya simu, dakika 1 nzima. Usihesabu nusu dakika ukazidisha mara mbili, watoto hawapumui kwa mpigo mmoja. Kuanzia miaka 5 hadi 12, pumzi 30 au zaidi ni nyingi. Yule mdogo, kama ametimiza mwaka na hajafika 5, ni 40. Homa nayo huongeza pumzi: mpe parasetamoli, miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo (wa kilo 20 ni 200 hadi 300), kisha hesabu tena homa ikishuka. Zikibaki juu, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, waamue wao kama anahitaji antibayotiki, wampimie kwa uzito.

Lakini kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, midomo ikiwa ya bluu, akishindwa kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege au akiwa mzito kuamka, usihesabu chochote. Ondoka naye hata kama ni usiku wa manane.

Aspirini usimpe kabisa. Kikohozi mpe maji ya uvuguvugu yenye asali. Shuleni asiende mpaka akae saa 24 bila homa na bila parasetamoli. Na kama kwa baridi hiyo unaingiza jiko la mkaa chumbani wakati wa kulala, litoe leo: hewa yake ya sumu haina harufu na inaua, moshi nao unazidisha kikohozi.

Leo usiku akilala, hesabu, kisha andika hapa namba uliyopata.