Modeli yangu inaona mifereji ya Engaruka kila mahali

SWALI: Nasoma akiolojia, naishi Njiro, Arusha. Nimefundisha modeli ya akili mnemba itambue kuta na mifereji ya mawe ya Engaruka, magofu ya kilimo cha kale cha umwagiliaji kaskazini mwa Tanzania, kwenye picha za droni. Kwenye majaribio inapata asilimia 98. Nikiipa picha za upande wa pili wa mto unaopita hapo, inatia alama hadi njia za ng'ombe na maboma. Nimekosea wapi?

JIBU: Hiyo 98 isikupe kiburi. Ikiwa pikseli (vitone vinavyounda picha) 2 tu kati ya 100 ni mfereji, modeli inayojibu "hakuna kitu" kila mara nayo inapata 98. Pima mambo mawili: kati ya alama ilizoweka, ngapi ni za kweli, na kati ya mifereji iliyopo, imeona mingapi.

Kosa kubwa zaidi huwa kwenye kugawa data. Picha za droni hupigwa zikipandana kwa asilimia 70 hadi 80 ili ziunganike. Ukizigawa kwa bahati nasibu, ukuta uleule unaingia kwenye mafunzo na kwenye mtihani, na modeli inakariri. Unganisha picha zote kwanza, kisha gawa kwa eneo: kusini mwa mto mafunzo, kaskazini mtihani.

Halafu ifundishe visivyo mifereji. Chora njia za ng'ombe, maboma, makorongo na mashamba ya leo, kila kimoja na jina lake. Bila hivyo, kila mstari machoni pake ni mfereji.

Angalia pia saa ulizorusha droni. Jua la asubuhi hurefusha vivuli, na modeli hujifunza kivuli badala ya jiwe. Ukirudi mchana haioni kitu. Ongeza ramani ya miinuko inayotokana na picha hizohizo. (Picha za bure za setilaiti za Sentinel-2 achana nazo kwa kazi hii: pikseli yake ni mita 10, ukuta wa nusu mita utauona wapi?)

Ukienda uwandani, usikague alama za modeli peke yake. Chagua kwa kura pia sehemu ilizosema hazina kitu, uzitembelee. La sivyo hutajua imekosa nini. Kuchimba kunahitaji leseni chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, hata kama modeli ina uhakika kiasi gani.