Re: Kozi ya meno ya watoto, nianzie wapi?
Daktari mwenzangu wa Mafinga, umeuliza uanze na kozi ipi bila kufunga kliniki. Mimi ningeanza na kozi ya silva daiamini floraidi ya asilimia 38, dawa ya kupaka kwenye jino lililooza ili uozo usiendelee. Haihitaji sindano wala mashine, umeme ukikatika unaendelea na kazi. Ila mwonyeshe mzazi picha kwanza, maana sehemu ya jino iliyooza inageuka nyeusi tii! Niliwahi kufokewa na mama mmoja hapa Uyole, na alikuwa na haki.

Halafu njia ya Hall, ile ya kuvisha gego la utoto kofia ya chuma bila kuchimba wala ganzi. Nadharia isome mtandaoni usiku, lakini kofia ya kwanza ivishe ukiwa na msimamizi pembeni. Video haikufundishi kumtuliza mtoto anayelia.