Pima marudio kabla hujayamwaga kwenye vati

Pale mialoni, wachimbaji wanakosagia na kuoshea mawe ya dhahabu, marudio (udongo unaobaki baada ya dhahabu kukamatwa kwa zebaki) huuzwa kwa tripu ya lori, na bei hupangwa kwa kusikia tu: rundo la fulani lilitoa vizuri, basi na hili litatoa. Mnunuzi anapakia, anajaza vati (tangi la kuchenjulia), anaweka sayanaidi, dawa inayoyeyusha dhahabu, anasubiri kaboni inayoinasa ishibe. Dhahabu ikija kidogo, dawa inaongezwa. Pesa nyingi huishia hapo, kwa sababu mara nyingi tatizo halikuwa uhaba wa dawa. Sababu nyingi zinazofanya dhahabu igome kutoka zinaweza kuonekana kwa kilo moja moja ya udongo, chupa chache na siku mbili, kabla hujanunua hata pipa moja la kemikali.

Kazi inaanzia kwenye sampuli, na ndiko wengi wanakoharibu. Ukichota koleo tatu pembeni mwa rundo hujapima rundo, umepima pembeni. Chembe nene huporomoka hadi chini, laini hubaki juu, na mvua hubadilisha tabaka la nje. Chukua bomba la plastiki la inchi 2, likate mdomo kwa mshazari, ligongelee kutoka juu hadi uguse ardhi ya asili, kisha rudia kwa vituo vilivyopangwa kwa kamba juu ya rundo zima, kila baada ya mita mbili hivi. Mwaga vyote kwenye turubai, changanya, tengeneza kichuguu, kibonyeze, kigawe kwa alama ya msalaba. Chukua robo mbili zinazotazamana, nyingine weka kando, changanya tena na ugawe tena mpaka ubaki na kilo tano au sita. Ukiona uvivu katika hatua hii, usiendelee na zinazofuata, maana maabara haiwezi kurekebisha sampuli mbovu.

Pima uzito kabla ya kukausha na baada ya kukausha kwa nyuzi 105. Rundo la tani 100 lenye unyevu wa asilimia 15 lina tani 85 tu za udongo. Tani 15 ni maji, na umeyalipia usafiri.

Sehemu ya sampuli ipeleke maabara kwa kipimo cha kuyeyusha kwenye tanuri. Omba ipimwe mara mbili au zaidi, kwa kuwa kipimo kimoja hutumia gramu 30 au 50 tu, na punje moja nene ya dhahabu ikiingia humo itakudanganya kwa furaha. Namba zikitofautiana sana, usizigawe kwa mbili ukaridhika. Tofauti yenyewe inakwambia kwamba dhahabu yako ni ya punje.

Sasa jaribio la chupa. Kilo moja ya udongo mkavu na lita moja na nusu ya maji vinaingia kwenye chupa ya lita 5, ili nusu kubwa ibaki hewa, na kifuniko kiwe na tundu. Tumia maji yale yale utakayotumia kwenye vati, usitumie ya chupa za dukani. Chokaa inatangulia, siku zote. Iongeze kidogo kidogo, zungusha, pima pH (kipimo cha asidi na ualikali wa maji) kwa mita iliyosawazishwa, mpaka itulie kati ya 10.5 na 11. Andika gramu ulizotumia. Chokaa iliyokaa kwenye mfuko uliopasuka hufyonza kaboni dioksidi na kupoteza nguvu, kwa hiyo jaribu na ile utakayotumia kazini.

Sababu ya kusisitiza chokaa kwanza si utaratibu wa vitabuni. Kwenye pH ya 9.2 hivi, nusu ya sayanaidi iliyo majini imegeuka gesi ya haidrojeni sayanaidi. Kwenye 10.5 imebaki kama asilimia 5. Gesi hiyo inaua, na kutegemea pua ni kujidanganya, kwani watu wengine hawaisikii harufu yake kabisa. Fanya kazi mahali penye upepo, kamwe si chumbani, usiwe peke yako, na uwe na kibali cha Mkemia Mkuu wa Serikali cha kushika kemikali hiyo.

pH ikishatulia, weka gramu moja na nusu ya sayanaidi ya sodiamu, yaani gramu 1 kwa lita, kisha zungusha chupa kwenye rola kwa saa 48. Chota maji kidogo baada ya saa 2, 4, 8, 24 na 48. Kila unapochota, rudishia ujazo ule ule wa maji yenye chokaa, upime dawa iliyobaki, na uongeze iliyopungua. Kupima dawa ni rahisi: yeyusha gramu 4.33 za nitrati ya fedha katika lita moja ya maji safi yaliyopatikana kwa kukusanya mvuke, chukua mililita 25 za maji yako yaliyochujwa, weka matone ya iodidi ya potasiamu, kisha dondosha nitrati kwa bureti (bomba la kioo lenye alama za mililita) mpaka ukungu wa manjano utokee na usipotee. Kila mililita iliyotumika ni gramu 0.1 ya sayanaidi kwa lita.

Kwa nini gramu 1, isiwe 3? Mwaka 1846 mkemia Elsner alionyesha kwamba dhahabu haiyeyuki kwenye sayanaidi bila oksijeni. MacArthur na ndugu wawili Forrest wa Glasgow wakaugeuza ujuzi huo kuwa njia ya uchenjuaji mwaka 1887, na baada ya miaka michache migodi ya Witwatersrand, Afrika Kusini, ikawa inaitumia. Lakini kipimo kinachotuhusu zaidi ni cha Barsky na wenzake, mwaka 1934: kasi ya kuyeyuka hupanda kadiri dawa inavyoongezeka, hadi kufikia kama asilimia 0.05, yaani nusu gramu kwa lita. Kutoka hapo haipandi tena, kwa sababu kinachopungua ni oksijeni. Maji ya nyuzi 25 kwenye mwinuko wa Kanda ya Ziwa hubeba kama miligramu 7 tu za oksijeni kwa lita. Anayemwaga dawa mara tatu analisha shaba na salfaidi (madini yenye salfa) zilizomo kwenye udongo. Vati likizubaa, ni afadhali kulikamua likauke, hewa iingie, ndipo maji yarudishwe.

Maji uliyochota mara zile tano yapimwe dhahabu, kisha matokeo yachore kwenye karatasi, saa chini, dhahabu iliyotoka ubavuni. Umbo la mstari lina maana kuliko namba ya mwisho.

Mstari ukipanda haraka kisha ukalala mapema, huku dawa ikiwa bado ipo, dhahabu iliyobaki imefungiwa ndani ya mwamba. Rudia chupa ya pili kwa udongo uliosagwa tena mpaka asilimia 80 ipite chekecheo la maikroni 75. Ukipanda vizuri, tatizo ni karasha (mashine ya kusagia mawe), siyo kemia. Usipopanda, dhahabu imejificha ndani ya salfaidi zenyewe, na rundo hilo liache, hata kama maabara imekupa gramu za kutamanisha.

Mstari ukiwa bado unapanda saa ya 48, una dhahabu nene. Katika hali nzuri kabisa, chembe ya maikroni 44 huyeyuka kwa kama saa 13, na ya maikroni 149 huchukua kama saa 44. Kwenye vati lisilo na hewa ya kutosha ni siku nyingi zaidi. Hapo pitisha udongo kwanza kwenye kifaa cha kutenganisha kwa uzito.

Dawa ikitoweka ndani ya saa mbili za mwanzo, tafuta shaba. Mawe yenye rangi ya kijani au buluu ndiyo dalili. Kilo moja ya shaba iliyoyeyuka hula zaidi ya kilo mbili za sayanaidi ya sodiamu, na kisha shaba hiyo inagombania nafasi kwenye kaboni yako. Kama ni chokaa inayotoweka, salfaidi zimeanza kuoza na kutoa asidi. Zungusha na chokaa na hewa kwa saa kadhaa kabla ya kuweka dawa.

Mstari ukipanda halafu ukashuka, huku pH na dawa viko sawa, udongo una kaboni yake ya asili inayoinyang'anya dhahabu. Thibitisha kwa chupa nyingine uliyoitia gramu 15 au 20 za kaboni mpya kwa kila lita tangu mwanzo. Ikitoa zaidi ya ile ya kwanza, umeshapata jibu.

Mwisho osha udongo uliobaki, ukaushe, uupime nao. Tuseme maji yamebeba miligramu 2.85 (pamoja na zile ulizochota), na udongo umebakiwa na gramu 0.9 kwa tani, yaani miligramu 0.9. Jumla ni 3.75, na dhahabu iliyotoka ni asilimia 76. Kama maabara ilisema rundo lina gramu 4, hesabu inakaribiana. Ingesema 7, usiamini chochote mpaka urudie sampuli.

Zebaki nayo haikwepeki kwenye marudio ya mialo. Sayanaidi huiyeyusha, kaboni huibeba, na kwenye joto la kuyeyushia inamfikia fundi kama mvuke. Mkataba wa Minamata wa 2013 unataka nchi zikomeshe kuchenjua kwa sayanaidi udongo uliotiwa zebaki bila kuitoa kwanza. Pima zebaki kwenye sampuli ile ile.

Chupa haitakwambia kama maji yatapita. Jaza bomba la inchi 6 lenye urefu wa mita mbili, weka nguo ya kuchujia chini, mwaga maji yenye chokaa juu na upime kimo kinavyoshuka. Chini ya sentimita 2 kwa saa, mfinyanzi umeziba. Vingirisha udongo na saruji kilo 3 hadi 5 kwa tani pamoja na chokaa, maji kidogo, mpaka uwe vidonge, uache ukomae siku moja hadi tatu, kisha jaza bomba upya. Vidonge vikisagika ukivibana kwa vidole baada ya kuloa, ongeza saruji au punguza kina cha vati.