Ala ya rivolva: maswali yenu na majibu

Barua za safari hii karibu zote ni za watu wenye rivolva ndogo, zile za risasi tano au sita zenye mtutu mfupi, wanaotaka kuzibeba bila kuonekana. Nimezichagua chache. Jambo moja nalisema hapa ili nisilirudie kila jibu: kibali cha kumiliki silaha na ruhusa ya kuibeba kwa kificho ni vitu viwili tofauti katika nchi nyingi. Hakikisha unavyo vyote kabla hujaingia gharama ya ala, yaani mfuko wa kuvalia bastola.

*Nimenunua rivolva ya mtutu wa inchi mbili. Muuzaji amenipa ala ya kitambaa, anasema inaingia bastola zote ndogo. Itanifaa?*

Ala inayoingia kila bastola haijashonewa bastola yoyote. Ijaribu leo usiku. Fungua silinda, lile pipa dogo linalozunguka lenye matundu ya risasi, toa risasi zote, zipeleke chumba kingine, rudi uangalie tena matundu yote moja baada ya jingine. Sasa ingiza bastola ndani ya ala, igeuze mdomo chini juu ya kitanda, uitikise. Ikidondoka, umeshapata jibu. Isipodondoka, bonyeza ala kwa nje, pale triga ilipo. Ukiihisi triga chini ya kidole, basi hata funguo au pembe ya kiti inaweza kuibonyeza.

Jaribio la mwisho ndilo linaloziangusha ala za kitambaa: toa bastola, kisha irudishe kwa mkono mmoja. Mdomo wa ala utakuwa umejifunga, nawe utaleta mkono wa pili kuupanua, vidole vikiwa mbele ya mtutu. Mazoea hayo usiyaanze. Rudisha hiyo ala, tafuta iliyotengenezwa kwa umbo la rivolva yako, kwa sababu uvimbe wa silinda ndio unaoifanya rivolva itulie mahali pake, na ala isiyoujua uvimbe huo haina cha kushika.

*Ngozi au plastiki? Ya kwangu ni ya ngozi, ina miaka minane, na kwa kweli naipenda.*

Nakuelewa. Ngozi iliyofinyangwa ikiwa mbichi kwa maji juu ya umbo la bastola, ikakaushwa, hushika rivolva vizuri kuliko inavyoshika bastola bapa, ile ya magazini (kisanduku cha risasi kinachoingia ndani ya mpini). Haipigi kelele, haikwaruzi rangi, na baada ya miezi michache inakuwa kama imezaliwa na kiuno chako.

Lakini miaka minane! Nami nilikuwa na yangu ya umri huohuo. Jioni moja, bastola ikiwa tupu baada ya mazoezi, nilikuwa nairudisha polepole nikiangalia, nikahisi kitu kinagoma. Nilipochungulia, nikaona ukingo wa ngozi umelegea kama sikio la mbwa, umejikunja ndani ya kinga ya triga, na kila nikisukuma ngozi ndiyo inayoivuta triga badala ya kidole. Triga ya rivolva ni nzito, mara nyingi kilo nne hadi tano na ushei, ndiyo maana ilikataa kwanza. Mtu mwenye haraka angeongeza nguvu tu. Ala ile niliikata vipande siku hiyohiyo, asije mwingine akaiokota.

Kwa hiyo kagua mdomo wa ala yako. Ukiubana kwa vidole viwili unapaswa kurudi wazi wenyewe. Nzuri huwa zimeongezewa tabaka la pili la ngozi pale mdomoni, au utepe wa chuma ndani yake. Ikiwa ya kwako inabaki imefunga, muda wake umekwisha, hata kama unaipenda.

Plastiki ngumu, hiyo watu wanayoiita Kydex kwa jina lake la biashara, haina ugonjwa huo: mdomo unabaki wazi, jasho halipenyi, na unasikia kabisa “tak” bastola inapokaa. Ina visa vyake. Skrubu hulegea, ziwekee tone la gundi ya skrubu na uzipitie mara kwa mara. Pia huacha alama kwenye chuma kilichong'arishwa, na ukikaa saa nyingi utajua iko wapi.

Halafu usilaze bastola wala risasi ndani ya ngozi kwa miezi. Ngozi huvuta unyevu, na dawa zilizotumika kuilainisha hufanya shaba ya maganda iote ukungu wa kijani na chuma kishike kutu. Ngozi ni ya kubebea.

*Sipendi kuvaa mkanda mzito. Naweza kuiweka mfukoni tu?*

Unaweza, na rivolva ndogo ni mtoto wa mfukoni tangu zamani. Kampuni ya silaha ya Colt walitoa Detective Special mwaka 1927, ya risasi sita. Smith & Wesson wakaja na Chiefs Special ya risasi tano mwaka 1950, kisha mwaka 1952 wakatoa Centennial, ambayo nyundo yake, kile kipande cha nyuma kinachogonga risasi, imefichwa ndani ya mwili wa bastola. Hawakufanya hivyo kwa urembo. Ile ndoana ya nyundo hunasa kitambaa wakati wa kuvuta, na hainasi siku ya mazoezi, hunasa siku ile. Ukiwa hujanunua, ya mfukoni nunua isiyo na nyundo ya nje. Utapoteza uwezo wa kuivuta nyundo nyuma kwa kidole gumba, na kwa bastola ya kazi hii hujapoteza kitu.

Ila neno lako “tu” linanitia wasiwasi. Bastola haikai mfukoni tupu. Inahitaji ala ya mfukoni: inafunika triga yote, inaiweka bastola wima mpini ukiwa juu, inavunja umbo lake lisijichore kwenye suruali. Nje yake huwa na ngozi yenye vinyweleo au mpira unaong'ang'ania, na pembe iliyochongoka ya kukwama kwenye mfuko ili ala ibaki nyuma. Jaribu ikiwa tupu mara ishirini. Usipoangalia utajikuta umesimama umeshika bastola na ala yake, kama mtu aliyechomoa kisu pamoja na ala.

Mfuko huo ni wa bastola peke yake. Sarafu, funguo, kalamu, leso, vyote vihamie kwingine. Na unapoirudisha, toa ala nje kwanza, ingiza bastola ndani yake, halafu rudisha vyote pamoja. Kupapasa na bastola gizani ndani ya mfuko karibu na paja ni kutafuta kilema.

*Na mguuni, juu ya kifundo?*

Kama unashinda umekaa, sawa. Ukiwa umesimama, lazima uiname au upige goti, na vumbi lote la njia linaingia kwenye silinda. Mimi siiwekei bastola yangu ya kwanza huko.

*Mimi ni mama, mara nyingi navaa gauni. Nafikiria mkoba wa mkononi.*

Dada, mkoba ndio kitu cha kwanza anachokwapua mwizi, na ndio kitu cha kwanza mtoto anachofungua akitafuta pipi. Ikiwa hakuna njia nyingine, upate uliotengenezewa kazi hiyo: chumba cha peke yake chenye kufuli au zipu ya pembeni, ndani yake ala ngumu iliyoshikizwa, na mshipi unaopita kifuani. Kisha ukubali masharti yake: hauwekwi juu ya kiti, hautundikwi nyuma ya mlango, humwachii mtu akushikie. Wengi hushindwa sharti hilo la mwisho kabla wiki haijaisha.

Kuna mkanda mpana wa lastiki unaovaliwa tumboni chini ya nguo. Si mbaya, mradi pale penye triga pawe na kipande cha plastiki ngumu. Lastiki peke yake ni kile kitambaa cha swali la kwanza.

*Ala yangu ni nzuri, ya ndani ya suruali, lakini kufikia mchana imeshuka na bastola inajichora kwenye shati.*

Mlaumu mkanda. Rivolva nyepesi ya alumini ina kama gramu 425, ya chuma kitupu inakaribia 570, na bado hujaweka risasi. Mkanda wa kawaida wa suruali hujikunja kwa uzito huo. Tafuta wa upana wa milimita 38 hivi, mgumu usiopinda kwa ubavu, na uone kama vibanio vya ala yako vinaukamata upana huo sawasawa.

Kinachojichora ni mpini. Mtutu umeshazama ndani ya suruali. Mpini mkubwa wa mpira ni raha mkononi lakini hung'ang'ania shati na kulivuta juu. Badilisha uweke mfupi wa mbao, au inamisha ala kidogo mpini uelekee mbele. Shati la maua au mistari huficha kuliko jeupe tupu.

Kuhusu mahali: mafundi husema “saa tatu” au “saa nne”, kitovu kikiwa kumi na mbili. Wanasoma namba zilizoandikwa usoni mwa saa. Ukihesabu kwa saa zetu za Kiswahili utaiweka kiuno cha kushoto.

*Nimerithi rivolva kuukuu sana. Ala ya kufunga na kifungo inatosha?*

Mzee, kwanza ipitiwe na fundi wa silaha. Za siku hizi zina kipande cha chuma kinachozuia nyundo isifikie risasi mpaka triga ivutwe. Nyingi za zamani hazina, na ikianguka kwa nyundo inaweza kulia. Kama ni hiyo, acha tundu lililo chini ya nyundo likiwa tupu. Ukanda wa kifungo unazuia bastola isichomoke, hauzuii hilo.

*Risasi za akiba nibebe vipi?*

Kijazio cha duara hujaza silinda yote kwa mpigo, lakini ni kinene kama silinda yenyewe na mfukoni kinaonekana kama yai. Ule ukanda bapa wa mpira ni wa polepole, unaingiza risasi mbilimbili, ila unalala mfukoni usiujue. Mimi nabeba ukanda, risasi nne tu hata kama zinaingia sita, ili kati yao pabaki nafasi ya vidole.

Na kagua risasi zenyewe. Kwenye bastola nyepesi sana, teke la risasi kali huweza kuivuta nje kidogo ncha ya zile zilizobaki, ikatokeza mbele ya silinda, na silinda ikagoma kuzunguka. Ukiwa kiwanja cha shabaha piga nne, toa ya tano, ipime urefu na nyingine mpya ya boksi lilelile. Ikiwa imerefuka, badilisha aina ya risasi.