Kabla ya dawa ya hamu ya kula, mtazame kinywani

Juzi msomaji wa Nachingwea ameniandikia: "Dada, mama yangu ana miaka 78. Hataki kula, chakula anakiona kichungu. Nimpe dawa gani?"

Mdogo wangu, ujumbe wako umenitonesha. Baba yangu nilimuuguza hapa hapa Mtwara miezi minane. Nilimwogesha, nilimgeuza asipate vidonda vya mgongo, uji wa ulezi sikumkosesha. Kinywani sikumtazama hata siku moja. Chakula alikuwa anakificha shavuni, nami nikimgombeza kama mtoto. Tulipomfikisha hospitali, muuguzi ndiye aliyemfungua mdomo: ukoga umeganda, jino lililovunjika limemkata ulimi. Alifariki kwa nimonia. Baadaye nikafundishwa kwamba vijidudu vya kinywa kichafu huweza kushuka hadi mapafuni, hasa kwa mtu anayelala muda wote. Hilo halijanitoka moyoni.

Tangu hapo kila Jumamosi naenda kwenye makazi ya wazee. Kulikuwa na babu mmoja aliyekataa hata ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, na mnajua mzee wa kusini akikataa ming'oko kuna jambo. Wahudumu wakasema, "Uzee tu huo." Nilimwamkia, nikamwomba ruhusa, akanitolea meno yake ya bandia. Alikuwa analala nayo. Chini yake fizi nyekundu, zimechubuka. Tukayasugua kwa mswaki na sabuni, kwa maji ya kawaida kwani ya moto huyapinda, na usiku tukayalaza kwenye bakuli la maji. Daktari wa meno akayarekebisha pale yalipobana. Wiki ya tatu babu akauliza mwenyewe, "Ming'oko ipo?" Walioniita "dada wa miswaki" siku hizi wananipigia simu kuniuliza. Sioni haya kusema nafurahi.

Sasa nanyi watoto mnaotuma hela ya korosho mkadhani mmemaliza! Mzazi anahitaji mkono wako. Mswaki laini, asubuhi na kabla ya kulala, na dawa ya meno yenye floraidi. Asiye na meno naye asafishwe fizi na ulimi kwa kitambaa safi chenye maji. Wa kitandani mwinue kwanza akae, usimsafishe amelala chali, atapaliwa. Baadhi ya dawa za presha hukausha mate, na kinywa kikikauka meno huoza haraka, basi mpe maji mara kwa mara. Mwenye kisukari fizi zake zichunguzwe zaidi. Kidonda kilichopita wiki mbili bila kupona, hasa kwa mtafuna tumbaku, ni cha hospitali, si cha maji ya chumvi.

Mdogo wangu wa Nachingwea, kesho asubuhi mkalishe mama mlangoni penye mwanga. Mpe shikamoo yake, muombe ruhusa, kisha tazama mpaka nyuma ya magego na chini ya ulimi. Ukiona wekundu, uvimbe au jino linalocheza, mpeleke kwa daktari wa kinywa na meno wiki hii hii.