Kabla ya kufungua maji, jua trekta lako linapumulia wapi

Huku Newala, kusini mwa Tanzania, aliyetoka kupulizia salfa humuulizi. Unamwona tu: nyusi za njano, macho mekundu kama hajalala siku mbili, na trekta lake limepakwa unga kuanzia rejeta mpaka kiti. Kuanzia Juni mikorosho inapuliziwa kwa ajili ya ubwiriunga, ugonjwa wake wa ukungu, na trekta linalopeleka mifuko shambani pamoja na vijana wa mashine za mgongoni linakula salfa hiyohiyo, juu yake vumbi jekundu la barabara. Msimu ukiisha unataka kuliosha. Mimi niliosha, nikakaribia kuua injini isiyo yangu.

Trekta ni la mjomba, na kwetu Wamakonde mjomba ni mjomba. Ni dogo, la hospawa 24, silinda tatu. Kwa shida yetu ya maji, ya kuhesabu ndoo, nilikuwa nalifuta na kitambaa miezi yote. Mwisho wa Agosti nikasema leo liheshimiwe, nikalipeleka mjini kwa kijana mwenye mashine ya presha. Nikamkabidhi, nikavuka barabara kwenda kunywa chai.

Kosa langu la kwanza lilikuwa hiyo chai. Kijana anaosha magari na bodaboda kutwa nzima, anajua kazi yake. Trekta dogo hajalizoea. Matrekta makubwa ya zamani yana bomba la hewa limesimama juu ya boneti na kofia yake, kila mtu analiona. Haya madogo mengi yanavuta hewa kutoka ndani ya boneti, nyuma tu ya wavu wa mbele, karibu na rejeta. Ukitazama kwa nje huoni kitu. Mtu mwenye bomba la presha anaona wavu umejaa salfa, anasogeza mdomo wa bomba mpaka unagusa matundu, anabonyeza.

Niliporudi trekta lilikuwa linang'aa kama la dukani. Nikalipa, nikapanda, nikapiga stata. Likazunguka kidogo, "ngo", likasimama. Nikapiga tena. Ngo.

Fundi alikuja na baiskeli.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Umepiga stata mara ngapi?"

"Mbili."

Akanitazama.

"Tatu," nikasema.

Hakunijibu. Alikwenda moja kwa moja kwenye ufunguo, akauchomoa na kuutia mfukoni mwake. Akafungua hita plagi zote tatu, zile za kupasha silinda moto, akaniambia nisimame pembeni, ndipo akapiga stata yeye. Silinda ya mbele ilitema maji mpaka kwenye shati langu.

Baadaye alinieleza nikiwa nimekaa chini. Injini ile ni ya lita 1.1 hivi, kwa hiyo kila silinda inavuta hewa kama mililita 370. Dizeli za namna hii hubana hewa hiyo mpaka ibaki karibu sehemu moja ya 22. Piga hesabu: pistoni ikifika juu kabisa, nafasi inayobaki haifiki mililita 18. Kijiko cha chakula ni mililita 15. Hewa inabanika, maji hayabaniki. Yakifika vijiko viwili pistoni haina pa kwenda, na kama injini inazunguka kwa kasi kinachokubali kupinda ni konrodi, ule mkono wa chuma unaoshika pistoni. Kilichoniokoa ni betri ya mjomba, ambayo nimeilalamikia tangu mwaka uliotangulia. Ilikuwa imechoka, ikazungusha kivivu, injini haikuwahi kuwaka.

Lakini maji yalipitaje kwenye chujio la hewa? Hapa ndipo fundi alipata la kuniaibisha zaidi. Kutoka kwenye eya klina, nyumba ya hilo chujio, kwenda kwenye injini kuna hozi nene ya mpira iliyobanwa na klipu pande zote mbili. Klipu ya upande wa injini ilikuwa inacheza. Maji ya presha yalipenya pale, chujio hayakulihitaji. Akachomoa hozi, akaingiza kidole ndani, upande ambao hewa yake inatakiwa iwe imeshachujwa, akanionyesha kidole. Chekundu. Vumbi la Newala lilikuwa linaingia kwenye injini miezi mingi kabla ya maji, na vumbi ni tupa: linakwangua ringi na silinda polepole bila kelele. Yale maji angalau yalipiga kelele.

Kwa hiyo hata kama huna mpango wa kuosha kesho, kachukue kitambaa cheupe, fungua hozi ile, pangusa ndani. Kikitoka na rangi, kaza klipu na kagua hozi kama haijapasuka kwenye mikunjo yake. Kazi ya dakika kumi na bisibisi moja.

Siku hizi naosha mwenyewe, na naanza bila maji. Unga wa salfa hauyapendi maji, jaribu kuunyunyiza kwenye kikombe uone unavyoelea. Ukimwagia maji kwanza unausukuma tu kwenye kona. Naupiga brashi laini ukiwa mkavu, nimefunga kitambaa puani na miwani machoni, halafu ndiyo maji ya sabuni kwenye ndoo. Wavu wa mbele ya rejeta kwenye trekta letu unavutwa juu kama droo, nauosha pembeni peke yake. Rejeta yenyewe naimwagia kwa kopo, au kwa mpira wa kawaida nikiupata, maji yakienda nyoofu. Presha ya karibu hulaza vile vibati vyake vyembamba, na ukivilaza injini itachemka msimu mzima. Na injini iwe imepoa. Hilo sina haja ya kulieleza.

Kabla ya tone la kwanza nafunika mdomo wa hewa. Mifuko ya plastiki ya dukani ilipigwa marufuku Juni 1, 2019, basi natumia nailoni ya ndani ya mfuko wa mbolea wa kilo 50, nimeikata, nimeiosha. Naivalisha mdomoni, naibana na kipande cha tyubu ya baiskeli nikikizungusha mara tatu. Kuna wanaotoa chujio lote wakiogopa lisilowe, wanaacha tundu wazi. Tafadhali usifanye hivyo. Chujio likiwa mahali pake na mfuniko umefungwa, hicho ni kizuizi chako cha pili.

Hatari mpya ya mfuko ni kuusahau. Injini ikiwaka itaunyonya, itakosa hewa na kutoa moshi mweusi, au itaurarua vipande. Mimi ufunguo naufunga kwenye tyubu ileile iliyobana mfuko. Anayetaka kuwasha lazima aje kwanza kwenye mdomo wa hewa, hana njia nyingine.

Bomba la moshi nalifunika na kopo la maziwa. Jenereta, fyuzi na kijiti cha oili vinafutwa na kitambaa tu.

Nikimaliza natoa mfuko, halafu nabonyeza ile chuchu ya mpira iliyo chini ya eya klina. Kazi yake ni kutoa vumbi zito, na kama maji yameingia itayatoa kwanza yenyewe. Ikitoa maji nafungua mfuniko, nashika karatasi ya chujio. Lililolowa halirudishwi, linakaa kivulini penye upepo mpaka likauke kabisa, au nanunua jipya. Vumbi kavu unaweza kulipuliza na kompresa kutoka ndani kwenda nje. Kitabu cha trekta letu kinataka isizidi psi 30. Kijana wa kujaza tairi atakupa zaidi ya hapo huku anatabasamu, na karatasi itatoboka matundu usiyoyaona. Kile chujio kidogo cha ndani usikiguse, hakisafishwi, kinabadilishwa tu.

Na kama umeshachelewa, umepiga stata likagoma ghafla baada ya kuosha, acha. Usipige tena, usilivute na gari jingine liwake. Chomoa ufunguo, mwite fundi afungue hita plagi au nozeli za dizeli, maji yapate pa kutokea. Kisha vuta kijiti cha oili. Ukiona rangi ya chai ya maziwa, oili yote imwagwe kabla injini haijawashwa.

Mjomba nilimwambia siku ileile kwa simu. Alinyamaza muda mrefu, halafu akauliza, "Mpwa, hiyo chai ilikuwa tamu?" Oili, chujio na fundi nililipa mimi.

Mfuko nilionao sasa ni wa tatu. Wa pili ulitafunwa na panya stoo. Wa kwanza niliuvalisha kwenye bomba la moshi kabla sijagundua matumizi ya kopo, na bomba lilikuwa halijapoa.